Moteri ilikatala katikati ya Luapula

Wasomaji wetu wanatujua kwa mambo ya mishahara, ya kura za delege na ya ajali mu mina. Leo tunaandika juu ya moteri ya bwato. Kuna wenye watauliza: sindika na bwato, wapi na wapi? Muvumilie kidogo, mutaona.

Tulitoka Lubumbashi siku ya ine asubui, delege sita, kwenda Kashobwe. Kampuni moja, yenye hatutataja jina hapa kwa sababu faili iko mbele ya tribinali, ilifunga lango lake miaka iliyopita na kuacha deni kubwa ya mishahara. Wengi kati ya wafanyakazi wake walirudia ku vijiji vya wazazi wao pembeni ya Luapula, kuvua samaki na kulima mihogo. Wamoja walikufa, wajane wakabaki. Avoka wetu alisema wazi: kila mwenye kudai atie sahihi ao kidole juu ya karatasi, mjane alete karatasi ya ndoa, na list yote iwe juu ya meza yake siku ya kwanza asubui. Ikichelewa, mwenye hayuko mu list, hayuko mu deni. Basi tulituma neno mu vijiji: tukutane Kashobwe siku ya tano, saa tisa ya mchana. Tulijua kwamba wamama wengine watatembea kwa miguu tangu usiku.

Toka Lubumbashi mpaka Kasenga ni zaidi ya kilometa 200. Tulilala Kasenga. Njia ya gari kwenda Kashobwe ilikuwa imekatika kwa mvua, njo maana tulikodi bwato. Bwato ya mbao, ndefu, na moteri ya Yamaha ya farasi 40, ile ya tangu zamani yenye kuchanganya esansi na mafuta, yenye wavuvi wanapenda kwa sababu hata fundi wa kijiji anaweza kuifungua. Shofere wake ni kijana wa Kasenga, mtoto wa mvuvi, hajafika miaka 25. Ndani ya bwato tulikuwa watu kumi na mmoja pamoja na wasafiri wengine, na jile ine tu za kuogelea. Tuandike na hii, maana ku mina tunakatala kushuka bila kofia, lakini siku ile tulipanda bila kusema kitu.

Tulianza saa mbili kasoro. Luapula ya mwezi ule ni pana, maji yanakwenda na nguvu, ng'ambo ya kuume ni Zambia, huku kwetu matete na mitumbwi ya watu wa samaki. Karibu saa ine, tangi ya kwanza ilikauka. Shofere alizima moteri, akamimina bido moja ya njano mu tangi, akaweka mafuta ya moteri kwa kipimo, akakokota kamba. Moteri iliwaka, ikakohoa mara mbili tatu, ikazima. Akakokota tena. Hakuna. Tena. Hakuna.

Hapa njo sindika ilijionyesha. Kila mtu alikuwa na avi. Mmoja alisema atie starta yote, mwengine akasema aiondoe. Wa tatu alimuondoa shofere pembeni na kukokota yeye mwenyewe mpaka kiganja kikatoka damu. Tulikokota kama mara 30. Moteri ikanza kunuka esansi, na bwato ikanza kugeuka pembeni na kuchukuliwa na maji, pole pole, kuelekea Zambia.

Na sisi, wakati tumechoka, tulitafuta mwenye makosa. Haikuchukua dakika tano. Tulisema kijana ameuza esansi muzuri na kuweka ya bule. Tulisema hajui kipimo cha mafuta. Sekretere alitoa kaye yake, na hatufichi, aliandika proseverbali kweli kweli, na tarehe na saa: shofere amepatikana na kosa zito, atalipwa nusu ya bei. Watano walitia sahihi. Kijana alitazama maji, akasema tu, "Ba papa delege, ni sawa." Wa sita hakutia sahihi. Ni muzee wetu wa garaji, aliyetengeneza magari makubwa ya mina zaidi ya miaka 20. Alikuwa amelala kidogo mbele ya bwato juu ya magunia. Aliamka kwa kelele yetu.

"Muache kukokota," alisema. "Munakokota nini? Hamuyue kama iko inakatala juu ya nini, munaifanya paka nguvu. Kijana, funga bwato kwanza."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la akili siku ile. Moteri iliyozima inaweza kungoja, maji hayangoji. Kijana alichukua kasia, tukasukuma wote mpaka ku matete ya ng'ambo, na mvuvi mmoja wa Zambia mu mtumbwi wake akatukamatia kamba. "Mwapoleni mukwai," tukaitika, yeye akacheka. Hakuuliza pasipoti. Alitufunga ku muti wake wa nyavu, akakaa kutazama.

Sasa tuandike namna muzee alivyofanya, kwa sababu mwenye bwato, mwenye pikipiki, mwenye mashini ya kusaga, wote wanaweza kufaidika.

Alisema moteri ya esansi inataka vitu vitatu: moto wa buji, esansi yenye kufika, na pumzi, maana yake nguvu ya pistoni kukandamiza. Ukikosa kimoja, hata ukokote mpaka jioni. Lakini mbele ya kufungua kitu, angalia mambo ya bule, yale yanayochekesha watu. Kamba nyekundu ya usalama, yenye shofere anafunga ku mkono, kidude chake kiko pahali pake? Kikitoka, moteri haina moto hata iwe mupya. Kilikuwa pale. Vitesi iko ku kati? Ilikuwa ku kati. Virole ya hewa juu ya mfuniko wa tangi iko wazi? Watu wengi wanaisahau: tangi ikikosa hewa, esansi haitoki, sawa vile bibero ya mtoto. Ilikuwa wazi. Pompi ya mukono, ile ya mpira mu tiyo, inakuwa nguvu ukiifinya? Mshale wake unatazama moteri? Ndiyo, ndiyo. Tiyo imeingia muzuri ku moteri, haivute hewa? Haivute.

"Basi kijana hakusahau kitu," muzee alisema, akatutazama. Sekretere alifunga kaye.

Kisha aliagiza tangi itolewe ku moteri na ipelekwe mbele ya bwato, mbali, na tungoje upepo uondoe harufu. Alikaza neno hili mara mbili. Watu wameungua mu mitumbwi kwa kutafuta moto wa buji karibu na esansi iliyomwagika. Alitoa buji mbili, maana moteri ile ina pistoni mbili. Zote zilikuwa maji. Alisema buji inasema kama mgonjwa kwa dokta: ikiwa kavu, esansi haifiki, ikiwa imelowana esansi, inafika lakini moto haupo, ao umeizamisha kwa kutia starta mingi, ikiwa nyeusi na mafuta mazito, kipimo cha mafuta kimezidi. Hizi zetu zililowana, lakini aliponusa, alikunja uso. Alisugua tone moja kati ya vidole. Hakusema kitu bado.

Alipangusa buji ya juu, akairudisha ku waya yake, akaigusisha ku chuma ya moteri, akaishika na kitambaa kikavu, kijana akakokota. Moto wa bluu, tak. Buji ya chini: hakuna. Hapa mtu mwengine angelisema waya imekufa, ao sanduku ya umeme, na tungerudi Kasenga kwa kasia. Muzee alichukua ile buji muzuri ya juu, akaivalisha waya ya chini. Kokota. Tak. "Basi waya muzima, umeme muzima. Buji njo imekufa." Ni kazi ya dakika moja, na ilitupunguzia siku mbili.

Kijana alitia mkono mu mfuko wa jaketi yake, akatoa nyloni, ndani ya nyloni karatasi, ndani ya karatasi buji moja mupya. Aliinunua mwenyewe, kwa feza yake, kwa sababu, alisema, mtoni hakuna duka. Tulinyamaza.

Alipotoa buji zote, muzee alitia kidole gumba ku tundu moja, kijana akakokota pole: hewa ilisukuma kidole nje. Ku tundu la pili vilevile. Pumzi iko. Hakukawia hapo.

Ilibaki esansi. Muzee aliomba chupa ya maji, ile ya plastiki yenye kuonekana ndani. Ya kwetu ilikuwa na rangi. Mvuvi wa Zambia njo alitupa ya kwake, nyeupe. Walijaza esansi kutoka chini ya tangi, wakaisimamisha juu ya ubao, bwato yote ikakaa kimya kutazama chupa. Nyuma ya dakika chache ilijigawa. Juu, esansi na rangi yake ya mafuta. Chini, vidole viwili vya maji meupe, na kati yao mstari kama wa kukata na kisu. Maji ni mazito kuliko esansi, yanashuka. Na tiyo ya tangi inavuta kutoka chini. Kwa hiyo hata maji kidogo, yenyewe njo yanaingia wa kwanza. Moteri iliwaka mara ya kwanza kwa sababu ndani ya karbirateri mulikuwa mungali esansi ya asubui. Iliimaliza, ikakunywa maji, ikazima.

"Bido hizi nani aliuza?" muzee aliuliza. "Nani alinunua?"

Tulinunua sisi. Siku ya ine, njiani mbele ya kufika Kasenga, kwa kadafi mmoja pembeni ya barabara, kwa sababu bei yake ilikuwa chini ya ile ya stasyo, na kasa ya sindika ni ndogo. Bido mbili za litre 20. Kezye wetu alizilipa na mkono wake, na sisi wote tulimusifu. Na kuna kingine. Asubui ile, ku bandari ya Kasenga, kijana aliinua bido moja juu ya jua, akaitikisa, akasema angetaka kwanza kuiacha itulie, kisha aimimine pole. Mmoja wetu alimujibu, "Kijana, saa inaenda." Hatukumbuki ni nani. Kila mmoja anasema si yeye.

Tuseme kidogo juu ya kadafi. Hatumutukani, ni mtoto wa watu anayetafuta bukari, na wengi wao baba zao walikuwa wafanyakazi kama sisi. Lakini esansi ya barabarani inapita mikono mingi, bido yake inalala inje na mfuniko wa karatasi ya nyloni, mvua inaingia. Na kuna wenye wanaongeza petrole ya taa kwa makusudi. Kuichuja na kitambaa cha kikwembe kunazuia muchanga, maji yanapita tu. Muzee alisema dawa ni usiku mmoja: bido isimame bila kuguswa, kesho mimina ya juu, na ile ya chini uiache. Mwenye haraka atumie tiyo, avute kutoka juu, chupa ya kuonekana iwe karibu kwa kupima.

Vile njo tulifanya, na iliomba saa mbili karibu. Tuliacha bido zitulie juu ya matete makavu, maana ndani ya bwato zinatikisika. Kijana alifungua virole ndogo ya chini ya karbirateri, maji yakatoka, akafinya pompi kidogo na esansi safi mpaka ikatoka isiyo na matone. Tangi ilimwagwa ndani ya bido tupu, hatukuimwaga mtoni. Mvuvi alituomba tusifanye hivyo, na alikuwa na haki, samaki wake wanaishi mule. Kisha, buji zikiwa zimetolewa, tiyo ya esansi imekatwa na kidude cha usalama kimeondolewa kusudi moto usiruke, kijana alikokota mara kumi hivi. Kila mara moteri ilitema ukungu wa maji kwa matundu. Buji ya zamani muzuri ilipanguswa na kukaushwa, mupya ikavaa chini.

Wakati tukingoja, muzee alituelezea juu ya bwato za jeti, na tunaiweka hapa kwa sababu ilitufurahisha. Mu 1974, safari ya Waingereza yenye kuongozwa na John Blashford-Snell ilishuka mto wetu tangu upande wa Katanga mpaka baharini, miaka 100 nyuma ya Stanley kuanza safari yake, na kati ya vyombo vyao mulikuwa bwato za Hamilton kutoka Nouvelle-Zélande. Bwato hizo hazina elisi ya inje. Zinavuta maji chini ya tumbo na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Hamilton alizitengeneza kwa ajili ya mito ya kwao yenye maji mafupi na mawe. Inaonekana ni akili kupita yetu. Lakini muzee alisema na zenyewe zina ugonjwa wazo: mara nyingi moteri imefungwa moja kwa moja na elisi ya ndani, kwa hiyo jiwe ao majani yakinasa mule, moteri haizunguke hata kidogo, na mtu anasema batri imekufa. Anabadilisha batri bule, kumbe ni jiwe. Mu mto wenye "Congo ya sika" yote ile yenye kuelea, angeshinda akitoa majani. Mmoja wetu aliuliza bei yake ni ngapi. Muzee alicheka paka.

Karibu saa saba na nusu kijana aliingiza tiyo, akafinya pompi mpaka ikakaza, akavuta starta nusu, akakokota. Hakuna. Mara ya pili, moshi. Mara ya tatu iliwaka, na alisukuma starta mara moja kusudi isizame. Alitazama nyuma: maji ya kupoza yanakojoa vizuri. Hapo tu njo alicheka. Tulimupa mvuvi kilo moja ya chumvi na sabuni, akatupa samaki watatu, hesabu hiyo hatujui nani alipata faida.

Hatukufungua moteri yote, kwa kulinda esansi iliyobaki. Tulifika Kashobwe saa kumi na moja kasoro. Wamama walikuwa wamekaa chini ya muti, karatasi zao mu nyloni, wamoja na watoto mgongoni. Tuliandika watu 31 siku ile. Lakini wengine walikuwa wamekwisha kurudi, wakisema delege ni sawa na kampuni, wanaahidi. Neno hilo lilitupiga kuliko jua ya mchana wote.

Siku ya posho tulimuomba kijana atupitishe kijiji kwa kijiji, kutafuta waliorudi. Alikubali, kwa sharti moja: ile karatasi ya ku kaye isomwe mbele ya watu. Sekretere alitaka kuichana. Tulikatala. Aliisoma asubui chini ya muti, yote, na tarehe, na saa, na majina yetu watano wenye kutia sahihi, sisi wenye kila mwaka tunaandikia wakubwa kwamba mfanyakazi asipewe azabu mbele ya anketi. Mama mmoja, mjane wa mtu wa pompi za maji mu mina, alicheka mpaka akafuta macho na kikwembe. Kisha alituuliza kama na bwana yake walimuandikia namna hiyo. Hatukuwa na jibu.

Tulipata wengine 14. List ilifika kwa avoka siku ya kwanza, ikiwa na majina 45. Wawili hatukuwapata, walivuka Zambia kwa mihogo, tunaendelea kuwatafuta.

Shofere alilipwa bei yote. Ilibaki buji. Kezye anataka risi, statiti zetu zinasema hivyo, na duka ya Kasenga haikutoa risi, sawa vile kadafi naye hakutoa. Mkutano wa mwisho wa mwezi ulikata: feza itoke, na ile buji iliyokufa iwekwe mu anvelopi, ifungwe ku kitabu cha kasa pahali pa risi. Iko pale, namba 17. Inanuka esansi bado.